Majibu ya Hoja Namba Saba

Yahusu: ndoo kumi na mbili za koki
zilizonunuliwa bila nukuu tatu.

Ndugu Mkaguzi,
barua yako nimeipokea, nimeisaini, ipo kwenye jalada.
Unauliza nukuu ziko wapi.
Duka la kwanza pale Tandika lilikuwa na kufuli.
La pili, mwenyewe alikwenda kuzika.
La tatu, kwa Mwinyikondo, ndoo zilikuwepo,
na bei ikapanda nikiwa bado nahesabu noti.
Sheria inataka wazabuni watatu.
Mimi nilikuwa na mmoja, na foleni mgongoni.

Waraka ulifika Ijumaa jioni, kwa simu,
picha ya karatasi iliyopigwa upande,
muhuri umekatwa katikati:
shule isifunguliwe pasipo maji tiririka na sabuni
kwenye kila mlango wa darasa.
Kufungua ni Jumatatu.
Kifungu cha fedha hakikutajwa.
Niliusoma mbele na nyuma,
nikaunyanyulia dirishani simu na yote,
kama mtu anayekagua noti bandia.
Hakikutajwa.

Ruzuku hufuata vichwa,
na vichwa vilikuwa majumbani.

Waraka ulisema pia mita moja, mtoto na mtoto.
Nikachukua rula ya ubao, nikaingia Darasa la Tatu B:
watoto mia na sitini na watatu.
Nikapima, nikagawa.
Jibu lilitoka nje ya ukuta,
likapita choo, likavuka uzio,
likaenda kuishia kwenye gereji ya jirani,
chini ya lori lisilo na magurudumu.

Kuhusu mlinzi, Bwana Likwata:
ni kweli, alilipwa miezi ile ya kufungwa.
Mshahara wake ni michango ya wazazi,
na michango ilizuiwa kwa waraka mwingine,
ule wa zamani, wenye muhuri mzima.
Nililipa kwangu. Hiyo si fedha ya umma,
sioni namna ya kuikagua.
Shule ilifungwa, ndugu. Wezi wa mabati hawakufungwa.

Stakabadhi ya mashine ya maji haipo.
Maji yaliletwa na mkokoteni,
na mkokoteni hauna mashine.
Ulisukumwa na mama yake Hadhara.

Hapo ndipo penye jambo ambalo hukuliuliza,
naliandika mwenyewe kabla hujalikuta.

Hadhara Pazi, Darasa la Sita, namba arobaini na moja.
Tulipofunga, alikuwa akiuza barakoa za kitenge mataa ya Buza.
Tulipofungua, mama alikuja na maji, mtoto hakuja.
Kanuni inasema siku tisini mfululizo, jina linakatwa.
Nikauliza: siku za kufungwa zinahesabika?
Kata wakasema, waulize wilaya.
Wilaya wakasema, subirini mwongozo.
Mwongozo uko njiani mpaka leo,
labda nao umekaa karantini.

Basi daftari lake nimelijaza kwa penseli.
Najua. Daftari ni hati ya kisheria, huandikwa kwa wino,
na mimi nimewafokea walimu vijana kwa kosa hilohilo.
Lakini wino ungeandika *mtoro*,
na mtoro hana dawati, hana namba ya mtihani,
hana pa kurudia akichoka na mataa.
Kila Ijumaa nafuta, naandika upya: *anafuatiliwa*.
Karatasi pale imekonda,
ukiishika juani unaona vidole vyako.

Nikiitwa na tume ya utumishi nitakwenda.
Nitavaa ile suti ya mahafali.

Viambatisho:
risiti moja ya mkono, imelowa kidogo;
picha za ndoo, mbili zimevunjika koki;
nakala ya waraka, upande upande.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Siwatu Mpangile, Mwalimu Mkuu.

Nimehesabu tena kabla ya kufunga bahasha.
Ndoo ziko kumi na moja.
Hiyo moja, andika hoja.