Kengele Ghalani

Mimi ndiye mshika funguo. Milango mitano,
makufuli saba, na ghala la chai pale Shimanzi
aliloliacha marehemu Mghanga na deni
refu kuliko reli inayopita nyuma yake.

Arobaini haijaisha, akaja nduguye, Mwakio,
aliyekaa utawani miaka kumi na miwili
akilima kabichi, akiimba zaburi saa tisa za usiku.
Viatu vyake vilikuwa vya kuazima.
Aliuliza choo kiko wapi, kisha ufagio.

Kiti cha ngozi cha marehemu, kile cha kuzunguka,
akampa bawabu Chengo, mwenye mgongo mbovu.
Yeye akakalia kreti.
Tukanong'ona: huyu madalali wa mnada
watamla kabla ya Idi.

Kisha akatundika kengele ndogo ya shaba,
sauti yake kama kijiko kwenye glasi.
Ikilia, mashine zinazimwa, mikono inashuka,
vumbi la chai linatua polepole mabegani,
na dakika tatu hakuna asemaye kitu.
Siku ya kwanza Bi Nuru alicheka hadi akakohoa.
Mimi nilinuna. Sisi wa Likoni tuna adhana tano,
nikamwambia, hatukuomba ya sita.
Akasema, "Basi nieleze hizo tano zinavyokushika."
Nikakosa jibu.
Nilikuwa nikiswali mbiombio,
nikihesabu magunia katika rakaa ya tatu.

Mizani yetu ni ya kale, ya mshale.
Ukiitupia gunia, mshale wapapatika,
na mwenye haraka husoma uongo.
Haya nilikuwa nikiyajua kabla hajaja.
Niliyajua ya chai tu.

Mvua ya Mei iliingia kwa mlango wa nne.
Magunia arobaini. Marehemu angechanganya,
moja bovu kwa tisa mazuri:
nani atajua, watu watatia tangawizi.
Mwakio alisimama akasoma daftari kwa sauti,
kama watawa wasomeanavyo mezani wenzao wakila:
hasara hii, deni hili, mishahara hii.
Akauliza, "Nani?"

Kimya. Si kile cha kengele.
Kingine, chenye meno.

Nikasema mimi. Ufunguo wa nne ulikuwa wangu,
na jioni ile nilikuwa nikikimbilia feri.

Hakunifuta. Wala hakunisamehe papo hapo
mbele ya watu, apate kuonekana.
Alisema, "Kesho tutayatoa, mimi na wewe,"
na kutwa nzima tulibeba, yeye kichwani mwa gunia,
mimi miguuni, kama wachukuao maiti.
Mwezi ule tulilipwa nusu. Yeye hakulipwa.
Nisiseme uongo, niliudhika:
karo hailipwi kwa zaburi,
na Mpemba wa duka hakopeshi kwa kimya.

Mwaka wa pili, wanunuzi walipoanza kutuamini,
alikuja bwana mmoja wa Nairobi na kompyuta,
koti mwilini katika joto lile,
akakipima kimya chetu kwa saa ya mkono.
Kinaongeza tija, alisema, asilimia kumi na moja.
Akamtaka Mwakio akakifundishe hotelini Nyali,
kiti kimoja elfu ishirini, chakula ndani yake.
Mwakio alimsikiliza hadi tamati.
"Na kama kingepunguza?"
Bwana yule akaitazama kompyuta yake,
labda jibu limo humo.

Ile nusu yetu aliiandika ukurasa wa kwanza,
jina kwa jina. Kila Ijumaa huanza hapo kusoma.
Bi Nuru ameshalipwa. Chengo ameshalipwa.
Mimi bado mia tisa.

Jana kengele ilikuwa na ufa, haikulia vizuri.
Mikono ilishuka vilevile.
Jioni nikafunga milango, wa nne
nikaurudia, nikautikisa, nikauacha.
Feri ikaondoka mbele ya macho yangu.
Nikasimama pale na mkufu wa funguo,
nikasubiri ya pili.