Watu Kumi na Mmoja, Pamoja na Mlinzi

Bangoni wameandika Mejuma.
A moja imedondoka mahali,
labda kwa mchapaji wa Mwembe Tayari
aliyesema jina refu linakula karatasi.
Si neno. Nimewahi kuwa Majuma, nimekuwa Mejumbe,
na Kisauni, usiku mmoja, Yule Dada wa Gitaa.

Leo ni Mtongwe.
Tumevuka feri na ampu juu ya mkokoteni wa kukodi,
Mwakio kalikumbatia besi lake kama mtoto mwenye homa,
Dzombo kajitwika ngoma kichwani,
na watoto wanatuandama wakidhani tunauza masufuria.

Mwenye ukumbi ni Gharibu.
Ukumbi ni neno la heshima:
viti vya plastiki, jukwaa la kreti nane za soda,
na friji linalonguruma sauti moja usiku kucha,
sauti iliyo karibu na wimbo wetu wa kwanza
lakini si karibu ya kutosha.

"Subirini mpira uishe."
Mpira hauishi. Kuna dakika za nyongeza,
kuna penalti, kuna mtu wa kulia
na mtu wa kumcheka anayelia,
hata saa nne na nusu televisheni ikazimwa
na watu wakaondoka
kana kwamba ndiyo iliyokuwa imewashika mkono.

Nahesabu. Ni ugonjwa wa kazi hii,
kama pumu kwa mwoka mikate.
Kumi na mmoja, pamoja na mlinzi.
Toa wawili wanaogombana.
Toa Gharibu, anayehesabu chupa
kama mimi ninavyohesabu watu.

Chumvi ya mji huu haina mswalie Mtume:
bati, baiskeli, bawaba za milango,
nyuzi nilizonunua Ijumaa, Jumapili zina kutu.
Mama huniuliza, kwa upole unaouma kuliko kelele,
"Na hilo gitaa, mwanangu, linakula nini?"
Linanila mimi, mama.
Kidogo kidogo, kwa adabu.

Wimbo wa tatu ni ule niliotunga
kwenye foleni ya maji Mikindani,
mdundo wake ni mitungi mitupu inayogongana.
Nilipofika katikati
mlango wa jikoni ukafunguka,
akatoka mwanamke, povu mpaka viwikoni,
sahani mkononi, nusu imeoshwa, nusu bado ina mchuzi.
Akasimama.
Povu likafa mkononi mwake, tone baada ya tone,
maji yakimchirizikia mguuni, asijali.
Makofi hakupiga. Angepigaje, na sahani ile?

Tulipatana elfu tatu.
Gharibu akatoa soda, akatoa viazi karai,
akatoa umeme.
"Umeme?"
"Kwani ampu yako inakula mihogo?"
Ikabaki elfu moja na mia nane,
mia sita kwa kila roho,
na mwenye mkokoteni yuko nje, anakohoa kwa makusudi.

Nikiwa nafunga sanduku, yule mwanamke akanijia.
"Dada, uzi wa tatu umeshuka.
Tangu wimbo wa pili."
Mwakio akaangua kicheko.
Mimi nilishikwa na kitu kooni.
Miaka sita napanda kreti za watu,
nimeambiwa nipunguze, niongeze,
nivae vizuri, nipige zile wanazozijua,
nimeambiwa nina sauti ya marehemu shangazi ya mtu.
Uzi umeshuka, hajaniambia mtu.
"Umejuaje?"
"Nasikia tu," akasema, akarudi kwenye masufuria.

Kwenye foleni ya feri, saa nane za usiku,
nikalitoa gitaa, nikaliinamia sikio.
Kweli. Robo ya mzunguko, haizidi.
Nikaukaza, polepole,
Dzombo amelala na kichwa juu ya ngoma yake.

Tuko katikati ya maji ndipo nikakumbuka
jina lake sikuuliza.
Mimi huyu, mwenye kinyongo cha a moja.

Alhamisi tuko Mtwapa.
Mpira hakuna. Nimeshaangalia.