Kibarua Bila Barua

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu Bi Mwanasiti:
meza moja, benchi mbili, feni isiyozunguka.
Hapo, saa kumi na moja alfajiri,
nilifungua kauntabuku
nikaandika watu.

Naam, watu. Ndivyo tulivyosema.
"Umeshaandikwa?" "Bado. Dada, niandike."
Chandeka, saruji, Pongwe, siku tatu.
Semkiwa na mdogowe, mkonge, mpaka mwezi uishe.
Mbwana wa Makorora, bandarini, meli ikiwahi.
Elfu tano ya fomu.
Fomu yenyewe nusu karatasi, naikata kwa rula.
Asiyekuwa nayo tulimkata kwenye ujira,
na ujira ulishakatwa
kabla haujatufikia.

Mwezi wa Saba zikaja kanuni,
kurasa ishirini na mbili, muhuri wa bluu.
Bwana Mhando akanipa nizisome kwa sauti;
miwani yake, alisema, imebaki Muheza.
Nikasoma: asiwepo wakala bila leseni.
Leseni itundikwe ukutani, ionekane.
Dhamana iwekwe benki.
Mtafuta kazi asitozwe hata senti,
kwa jina lolote litakalopewa tozo hiyo.
Hapo akakohoa.
"Rudia hilo."
Nikarudia.
"Hebu soma polepole."
Nikasoma polepole. Halikubadilika.

Kila anayepelekwa kazini apewe mkataba
kwa lugha anayoielewa.
"Chandeka anaelewa lugha gani zaidi ya njaa?"
Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe,
mshahara wangu wa Juni ulikuwa bado mfukoni mwake.

Tukajaza maombi. Jina la kampuni
tulilibuni palepale: Mhando na Wenzake.
"Wenzako nani?"
"Andika tu."
Idadi ya wafanyakazi wa ofisi:
akaishika kalamu mwenyewe,
mara ya kwanza tangu nimjue,
akaandika moja.

Miaka sita nimefagia chumba kile.
Nikaitazama ile moja, imesimama wima
kama mtu kaziba mlango kwa bega.

Kibarua si barua ndogo?
Babu yangu alikuwa nacho kikaratasi chake, mkongeni,
siku thelathini zimechorewa vyumba,
mistari isipotimia, chumba hakitiwi alama.
Kilikuwa kichungu, lakini kilikuwa karatasi.
Sisi tukabakiza jina,
karatasi tukafungia mihogo.

Alhamisi akaja afisa kazi,
binti mwembamba, viatu vimejaa vumbi la Kange.
Akatazama ukutani. Pana msumari, na alama
ya kalenda iliyoondolewa.
"Leseni?"
"Imeombwa."
"Na huyu?"
"Mpwa wangu. Kaja kusalimia."
Kauntabuku nilikuwa nimeipakata kama mtoto mgonjwa.
Mpwa wake nikainuka,
nikamkabidhi binti wa watu.

Sikujiona shujaa. Nilijiona
nimejiotesha nyasi kwenye kibarua changu mwenyewe,
mvua za vuli hata hazijaanza.

Kesho yake mlango una kufuli na karatasi ya serikali,
na saa kumi na moja walikuwepo vilevile,
barazani, jembe la mmoja, buti za mwingine.
"Dada, leo wapi?"
Kurasa ishirini na mbili nilizisoma zote.
Hakuna palipoandikwa leo wapi.

Mbwana akatukana kanuni.
Chandeka akanitukana mimi, kwa adabu, kwa Kidigo.
Nikawaambia wakae. Benchi zimefungiwa ndani,
wakakaa sakafuni.
Nikatoa daftari la hesabu la mwanangu,
nikaligeuza nyuma, nikaandika tarehe.
Mstari wa kwanza jina langu, miaka sita.
Kisha nikauliza, mmoja mmoja:
elfu tano ngapi?

Semkiwa akasema saba.
Mdogowe akamsahihisha: tisa,
umesahau za Ramadhani.