Feni

Tangu Jumanne, Lutengano alipojikwaa kwenye waya
kompyuta ikaangukia kona,
herufi zinakuja moja moja,
utadhani ziko foleni ya mbolea ya ruzuku.

Nimezima, nimewasha.
Nimefuta picha za harusi ya dada.
Nimevilaumu virusi.

Fundi Mgaya, hapa Njombe mjini,
koti limemfika masikioni,
akalegeza skrubu, akapuliza vumbi,
akaisukuma feni kwa njiti ya kiberiti.
Haizunguki.
"Haijafa, mama. Ina joto.
Inapunguza mwendo isije ikaungua."

Joto!
Na kule shambani barafu imebabua majani ya viazi.

Nikarudi nayo kwapani.
Lutengano kanifungulia mlango.
Umekula? Ndiyo.
Umesoma? Ndiyo.
Neno moja moja,
tangu Jumanne.