Firigisi

Kideri kilipopita Usoke mwaka ule
hakikubisha hodi.
Jioni kuku walipanda kulala na shingo zao,
alfajiri shingo zimepinda kama mikono ya birika,
na kinyesi cha kijani, rangi ya mlenda,
kimetapakaa hadi kizingitini.
Thelathini na mmoja. Nilihesabu mimi,
kwa sababu mama alikataa.
Alisema kuku ni kama deni,
ukilitaja sana linasikia.

Alibaki mmoja, tetea wa kuchi, mwekundu,
miguu mirefu kama askari wa gwaride.
Alikuwa ametoroka wiki mbili kabla
kwenda kuatamia ng'ambo ya reli,
kwenye rundo la mataruma mabovu.
Alirudi na vifaranga tisa
na dharau.

Nikapanda treni ya usiku hadi Urambo,
nikarudi na kichupa kidogo cha chanjo
ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu.
Tone moja, jicho moja.
Subiri apepese. Mwachie. Kamata mwingine.
Mama mlangoni, mikono kiunoni:
"Unawaliza kuku wa watu, Kalunde."
Nikamjibu bila kugeuka:
"Bora walie wao."

Sikumbuki lini banda lilijaa.
Nakumbuka ndoo ya mayai ya kuchemsha kichwani,
chumvi na pilipili kwenye karatasi ya daftari,
treni ya Kigoma ikipunguza mwendo, na mikono,
mikono mingi bila nyuso madirishani,
noti iliyokunjwa, "Chenji! Wewe dada, chenji!"
nami nakimbia sambamba na behewa,
viatu mkononi.
Ada ya Masele ilitoka humo.
Bati la jikoni, humo.
Na sanda ya baba, nusu yake, humo.

Baba alikuwa wa genge la njia.
Alishindilia kokoto chini ya mataruma
tangu Usoke hadi alikoambiwa aishie,
na siku kuku alipochinjwa
kila kipande kilikuwa na mwenyewe:
paja la mgeni, hata kama mgeni hakuja,
shingo na miguu yetu sisi watoto,
mgongo wa mama, wa kufyonza zaidi kuliko kula.
Firigisi ya baba.
Hilo halikuwa na mjadala,
kama vile hakuna anayejadili
treni ipite upande gani.

Baada ya arobaini, ba'mdogo Mihambo
alimshika Masele bega:
"Sasa wewe ndiye baba humu ndani."
Masele ana miaka kumi na mmoja.
Bado anaogopa jogoo mweupe.

Kuchi mwekundu alipoacha kutaga
tulimvumilia msimu mmoja, kisha mwingine.
Mwishowe mama akasema, "Maji yachemke."
Jirani alichinja. Nilinyonyoa mimi.
Niliipasua firigisi kwa kisu cha vitunguu,
nikaikunjua kama kitabu:
punje za mahindi, bawa la kumbikumbi,
na changarawe, nyeusi, kali,
vumbi la kokoto za reli
alizodonoa miaka yote ile
alikopita baba na nyundo.
Nilizishika kiganjani hadi zikakauka.
Kuku hana meno. Alitafuna kwa hizo.

Usiku, sahani zikapangwa.
Masele akakaa wima, kama alivyofundishwa,
amekunja mkono wa shati.
Mama alikuja na kibakuli,
akampita,
akakiweka mbele yangu.

Hakuna aliyesema kitu.
Taa ya sola ilikuwa inakonyeza.
"Usiiangalie," alisema mama. "Inapoa."

Niliikata kwa kucha, nikampa mdogo wangu nusu.
Alitafuna macho yamefumba.
Yangu nilipoiuma, jiwe dogo likalia jinoni,
sikuwa nimeosha vizuri.
Nje, kwenye banda, walikuwa wakibanana kupata nafasi.
Sikuhesabu.
Nikameza na jiwe lake.