Asilimia Saba

Ghala, saa nane usiku, nje bado digrii thelathini na nane,
kiyoyozi kinakohoa kama mvuta buruma.
Nimebadilisha mstari mmoja ndani ya kompaila.
Mmoja tu. Nikaendesha jaribio:
kasi imepanda asilimia saba.

Nikampigia Muhanna, nikamwamsha.
"Saba!" nikasema, kama mtu aliyejifungua salama.
"Hongera, Rayya. Endesha tena." Akakata.

Nikaendesha tena.
Imeshuka nne.
Tena: mbili juu. Tena: sita chini.
Nikaufuta mstari wangu, nikarudisha kila kitu nilivyokikuta,
programu ile ile ya jana, haijaguswa,
nayo ikapanda, ikashuka,
kama mizani yenye kidole cha muuzaji
chini ya kitanga.

Kidole cha nani?

Yumo humo ndani mfagiaji, hatumwoni.
Programu hula na kutupa, hula na kutupa,
maganda yakijaa ukumbini yeye husema: Simameni.
Wote husimama, miguu juu, apite na ufagio wake.
Hana saa. Huangalia pipa tu.

Mara ile ya kwanza alifagia mara kumi na mbili;
ya kumi na tatu ikamkuta mlangoni,
saa nimeshaisimamisha.
Hiyo ndiyo kasi yangu.
Mara ya pili, baiti chache za ziada
(jina la faili nililirefusha, basi!)
zikamwita mapema kidogo, akaingia ndani ya hesabu.
Hiyo ndiyo hasara yangu.

Nilidhani napima mbio. Nimepima zamu za ufagio.

Mama, kule Al Khoud, ana kibaba cha bati
alichokuja nacho kutoka Unguja, kimebonyea ubavuni.
Hapimi mchele kabla hajaupepeta,
hata wageni wawe wameshavua viatu.
Nikimharakisha hunitupia jicho juu ya ungo:
"Chuya nazo hujaza kibaba."
Miaka yote hiyo nikidhani anasema habari za wali.

Basi nimeanza upya. Mara mia mbili,
zamu za ufagio nimeziandikia safu yake pembeni,
kila moja na muda wake.
Adhana ya alfajiri imenikuta natoa, najumlisha, natoa.

Muhanna ataniuliza saba zangu ziko wapi.
Iliyobaki ni nusu ya asilimia.
Na hiyo nusu
siiapii.