Daftari la Makosa

Mimi ni karani wa ghala la buni hapa Mbale,
kalamu yangu ndiyo hukata ujira.
Wanawake thelathini na wawili sakafuni,
kila mmoja na ungo wake:
nyeusi kushoto,
iliyotobolewa na mdudu kushoto,
nzima kulia.

Saa mbili asubuhi Khainza hakosei.
Vidole vinadonoa kama kuku uani.
Saa nne, bado.
Saa sita mkono wake unaipita punje mbovu
kama mtu apitaye mlangoni kwa anayemdai.
Anafikicha macho. Anasema
buni zote leo zina rangi moja,
rangi ya maharage.

Msimamizi Wolukau anasema ni uvivu.
"Andika," na mimi naandika:
Khainza, punje kumi na saba.
Nandudu, ishirini na tatu.
Mutonyi kasinzia ameketi, ungo mapajani,
hakumwaga hata moja,
hakuchambua hata moja.
Kila punje shilingi hamsini.
Jioni wanahesabiwa kilichobaki,
nacho hakitoshi posho ya kesho.

Usiku mmoja nililisoma daftari kwa wima,
si kwa majina, kwa saa.
Makosa hayakumjua Khainza wala Nandudu.
Yalianza kudondoka saa tano,
saa nane yakashuka kama maji ya Wanale masika,
na hayakukauka hadi kengele.

Ukurasa mmoja tu ulikuwa mweupe:
ile Jumanne mwenye ghala alipomtahirisha mwanawe,
masufuria yakaletwa hadi kazini,
matoke, mchuzi wa karanga, nyama yenye mfupa,
na Mutonyi akachambua magunia mawili
huku akituchekesha.

Nikampelekea Wolukau.
Alisoma akila chapati iliyoviringwa mayai,
gazeti likimenyeka taratibu mkononi.
Kidole chenye mafuta kikatua kwenye jumla.
"Hujui kujumlisha, karani.
Hapa ni mia tatu na arobaini.
Umeandika mia nne na thelathini."

Nikatazama. Kweli.
Tisini nimewakata bure,
na tumboni mwangu hamkuwa na kitu
tangu uji wa jana.

Harufu ya yale mayai ilinifuata hadi mezani.
Nikafuta, nikasahihisha,
kisha chini ya jina la Mutonyi
nikaandika langu,
na saa.